Siku ya Tatu ya Idi

Wakili Tiya alikuwa katikati ya kuwafundisha wenzake namna ya kupata usingizi wakati simu yake ilipotikisika juu ya meza. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, katika ukumbi wa hoteli moja mjini Isiolo, na mawakili ishirini na watatu walikuwa wameketi mbele yake wakiwa na chupa za maji na kalamu za bure. Chama chao kilikuwa kimechoka kuzika. Ndani ya mwaka mmoja wenzao wawili walikufa kwa shinikizo la damu hata kabla ya kufika miaka hamsini, na wa tatu akaacha kazi akaenda kufuga kuku. Ndipo wakasema, jamani, tuitane tuambiane ukweli.

Tiya alichaguliwa kusema kwa sababu ofisi yake ilikuwa inasifiwa. Aliinua karatasi ya kijani, wote waione. Kila hati inayoingia ofisini kwake, alieleza, hubandikwa karatasi hii kabla mtu hajaketi. Inaandikwa hati ilipokewa tarehe gani, nani amehesabu siku za mwisho za kufika kortini, na nani mwingine amehesabu tena. Kisha tarehe inaingia kwenye kalenda ya kompyuta, nayo inaanza kupiga kelele siku tatu kabla ya siku ya mwisho.

"Kichwa chako si kabati," aliwaambia. "Ukikifanya kabati, ndicho kitakachokuua."

Walicheka, wakaandika. Wakili Mbaabu wa Meru, ambaye alikuwa na kesi dhidi yake mwezi huo, aliomba nakala ya karatasi ile na akaikunja vizuri akaitia mfukoni. Tiya alitupia simu jicho. Ulikuwa ujumbe kutoka mtandao wa mahakama, na ulitoka upande wa huyo huyo Mbaabu, ingawa pengine mwenyewe hakujua karani wake ameshautuma. Rufaa ya Galgalo Jattani, ulisema, iliwasilishwa siku moja baada ya muda kwisha, kwa hiyo itupwe.

Galgalo Jattani alikuwa mkwe wake, baba wa mumewe Boru. Tiya alimaliza mafunzo yote bila kukosea neno. Wakati wa chai alikula nusu ya andazi, akameza vidonge viwili vya vidonda vya tumbo, akajibu salamu za watu akitabasamu.

Kagwiria, karani wake, alikuwa ameshalichapisha ombi la Mbaabu Tiya alipofika ofisini. Kagwiria alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Maua, mwenye maneno machache na miwani ya kamba. Yeye ndiye aliyeibuni karatasi ya kijani, mwaka uliopita, baada ya kumwokota wakili wake sakafuni kwenye korido ya mahakama. Tiya alipoisifu karatasi ile mbele za watu alisahau mara nyingi kutaja ilitoka kwa nani, na Kagwiria hakuwahi kulalamika.

"Wakili, hii faili haina karatasi ya kijani," alisema.

"Najua."

"Nimetafuta kwa kalenda pia. Hakuna."

Haikuwapo kwa sababu faili hilo halikuingia kwa mlango wa ofisi. Liliingia kwa mlango wa jikoni. Mzee alikuja nyumbani kwao Kiwanjani siku chache baada ya Idi, akitoka Oldonyiro alikokuwa ameenda kuuza mbuzi, na uamuzi wa kamati ya ardhi uliompokonya kiwanja chake ulikuwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na sukari ya wajukuu. Tiya alikuwa anamimina chai. Mzee alisema watu wa upande wa pili walimfuata hadi Oldonyiro wakampa karatasi hizo siku ya tatu ya Idi. Uamuzi wenyewe uliandika kwamba ana siku thelathini za kukata rufaa tangu siku aliyokabidhiwa.

Mteja mwingine yeyote angeulizwa maswali hadi akasirike. Lakini kwao Waborana mke wa mwana hamhoji mkwe wake. Akiambiwa, anaitikia, na hata jina lake halitamki. Tiya aliitikia, akahesabu kwa vidole akiwa amesimama kando ya jiko, akasema moyoni, Idi ya mji ilikuwa Jumatatu, siku ya tatu ni Jumatano, basi mwisho ni Ijumaa. Mumewe ni mwalimu wa hesabu na alikuwa hatua nne kutoka pale, wala hakumwambia ahesabu naye. Mfuko ukawekwa juu ya kabati la nguo. Kesi nyingine arobaini zilimvuta huku na huku, kalenda ikimkumbusha zote isipokuwa hiyo, hata akaja kuikumbuka rufaa ile siku ya mwisho yenyewe. Aliipeleka Ijumaa hiyo, kabla ya wiki ya mafunzo, akihema, akamshukuru Mungu kwamba amewahi.

"Kubai ameandika Jumanne," Kagwiria alisema. Kubai alikuwa kijana wa Mbaabu wa kupeleka hati. "Ameandika hata saa. Saa nne na nusu asubuhi." Alivua miwani akaifuta. "Mimi si Muislamu, wakili, unisamehe nikiuliza vibaya. Huko Oldonyiro Idi ilikuwa siku gani?"

Tiya alichukua simu akampigia mfanyabiashara mmoja wa huko, mtu wa kwao, akamsalimia, akamuuliza habari za mvua, kisha akauliza alilotaka kuuliza. Mwaka huo mwezi ulizua ubishi kama kawaida. Isiolo mjini wengi walingoja tangazo la Nairobi, wakafunga siku ya thelathini, wakasali Jumatatu. Ule msikiti mdogo wa mabati wa wafanyabiashara wa Oldonyiro ulifuata Maka, na wao wakasali Jumapili. Mzee alisali nao. Siku yake ya tatu ilikuwa Jumanne.

Alipokata simu Kagwiria alikuwa ameshaelewa kwa kumtazama uso. Akaeleza analofikiri, polepole, kama mtu anayemwongoza mgonjwa kitandani. Waandike ukweli. Waseme kosa ni la wakili, mteja hana hatia, na waombe mahakama iongeze siku moja. Majaji wengi huelewa.

"Wengi," Tiya alisema. "Si wote."

"Si wote. Lakini huyo mzee akikosa hiyo shamba, wakili, angalau tutakuwa tumesema kweli."

Tiya alisema atalifikiria. Nami nisimsingizie wala nisimtetee: hakumwogopa jaji. Aliwaogopa wale ishirini na watatu. Karatasi ya kuungama ingefika kwa Mbaabu kabla ya jua kutua, na kesho yake ingekuwa kwenye kundi lao la simu, na mwezi uliofuata alikuwa amealikwa Meru kufundisha tena. Kinyozi hajinyoi, wangesema, na wangekuwa na haki ya kusema.

Jumamosi alasiri alikwenda na Boru kwa mzee, nyuma ya uwanja wa ndege. Ni kipande cha ardhi kisichojaa macho, nyumba mbili za mabati, zizi, na tangi la maji lililopinda. Mzee alikuwa amekaa hapo miaka arobaini na moja. Nyuma ya zizi kulikuwa na makaburi matatu, la mkewe na ya watoto wawili, yaliyozungushiwa mawe. Sasa kuna mfanyabiashara mwenye cheti cha ardhi hiyo, na kamati iliamua kwamba cheti ndicho kinachosema. Rufaa ikitupwa hakuna mlango mwingine. Mashine zingekuja, na mashine haijui kaburi.

Walisalimiana, salaam aleikum na nagaa, amani ya Kiborana, wakaulizana habari za mifugo na za watoto. Tiya aliketi chini, mbali kidogo, akatazama mkeka, akaeleza. Alieleza vizuri, kwa Kiborana, bila kujificha. Alisema ni yeye aliyehesabu vibaya. Boru alikuwa amemkataza njiani asiseme hivyo, kwamba baba yake ana ugonjwa wa moyo, lakini alisema. Kwa hilo anastahili sifa, na ndiyo sifa ya mwisho nitakayompa katika jambo hili.

Mzee alisikiliza akipitisha tasbihi vidoleni.

"Ukisema korti kosa ni yako, watakufanya nini?" aliuliza.

"Hawatanifanya kitu, Baba. Wataongea tu."

"Wataongea." Alisukuma punje moja ya tasbihi. "Na kiwanja itapona?"

"Labda. Sijui. Jaji anaweza kukubali, anaweza kukataa."

"Na mimi nikisema ilikuwa Jumatano?"

Boru aliinua kichwa. Alianza kusema kitu, na mzee akamwambia hajamuuliza yeye.

"Hapo hakuna labda," Tiya alisema kwa sauti ndogo. "Ikiwa ni Jumatano, tulikuwa ndani ya siku. Lakini utaapishwa, Baba. Na Msahafu."

"Mimi nilijua kiapo ni nini hata wewe hujazaliwa." Hakusema kwa hasira. Alimtazama mke wa mwanawe, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akaona mashavu na macho yaliyoingia ndani. Alimpenda. Alikuwa anawaambia watu sokoni kwamba mkaza mwanawe anawanyamazisha wanaume kortini. "Umekonda sana, mama. Hii kazi inakumaliza. Sema tu. Wewe unataka niseme siku gani?"

Angeweza kusema Jumanne. Ni neno moja, si zito kuliko lile lingine. Alimtazama Boru, na Boru alikuwa anatazama mbuzi.

"Jumatano," alisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei ya mbuzi akaona inafaa, akaagiza chai iletwe. Tiya aliinywa yote. Alishangaa kwamba tumbo halikumchoma, akajiambia kuwa hiyo ni dalili njema.

Jumatatu alichapa hati ya kiapo cha mzee kwa mikono yake mwenyewe. Kagwiria alikuwa meza ya pili na alisikia kila herufi. Ilipotoka kwenye mashine Tiya aliibandika karatasi ya kijani, kwa mazoea, akaandika jina lake mahali pa kwanza, akaisukuma mbele ya karani wake. Kagwiria aliisoma kuanzia juu hadi chini.

"Hapa pa pili nisiweke jina yangu, wakili," alisema.

"Ni tarehe tu, Kagwiria."

"Ndiyo. Ni tarehe." Akairudisha taratibu, ikabaki katikati ya meza hadi Tiya alipoichukua mwenyewe. Aliona haya, na kwa kuwa aliona haya akakasirika, akamuuliza kwa ukali kama barua za wiki iliyopita zimekwisha kutumwa. Zilikuwa zimetumwa.

Mzee alikuja saa tano akiwa amevaa kanzu ya Ijumaa. Aliomba asomewe. Tiya alimtafsiria mstari kwa mstari, na alipofika kwenye siku alipita haraka. Mzee alitia kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza pale alipoonyeshwa. Wakili wa ofisi ya chini, anayeshuhudia viapo, aligonga muhuri huku akizungumza na simu, wala hakuinua macho kumtazama mzee.

Mbaabu hakukubali kiapo kipite hivi hivi. Aliomba mzee asimame aulizwe, na jaji akaruhusu. Basi Alhamisi saa tatu Tiya alisimama mbele ya watu ili amwite shahidi wake, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akalitamka jina la mkwe wake kwa sauti. Lilimtoka kwa shida. Wazee wawili wa Kiborana waliokaa nyuma waliinamisha vichwa, wakiona aibu kwa niaba yake.

Mzee alishika Msahafu kwa mkono wa kulia. Aliapa kwa sauti iliyofika mlangoni.

"Mzee wangu," Mbaabu alianza kwa heshima, "hizi karatasi ulipewa siku gani?"

"Jumatano."

"Una hakika? Huyu kijana anasema ni Jumanne, na ameandika kwa kitabu yake." Alimwonyesha Kubai, kijana mwembamba aliyekaa na daftari magotini, limefunguliwa ukurasa wake.

"Ilikuwa siku ya tatu ya Idi. Ni Jumatano."

Tiya alishusha pumzi. Alidhani limekwisha. Lakini Mbaabu aliishi na Waislamu maisha yake yote, na hakuwa mjinga.

"Mwaka huu naskia kuna Idi mbili. Wengine walisali Jumapili, wengine Jumatatu. Wewe huko Oldonyiro ulisali lini?"

Swali hilo halikuwa kwenye kiapo. Tiya hakulifikiria, wala hakumtayarisha nalo. Alijua kwamba angeweza kusimama apinge, atafute sababu yoyote ile, lakini akabaki kitini. Mzee hakumtazama. Alitazama kitabu alichokuwa amekishika hata karani wa mahakama akaacha kuandika.

"Nilisali Jumatatu," mzee alisema.

Kubai alisimama bila kuitwa. Alisema si kweli, kwamba yeye alimkuta mzee Jumanne, na kwamba mzee alimkaribisha chai na nyama ya Idi kabla ya kupokea karatasi. Jaji alimwamuru aketi. Saa sita uamuzi ulisomwa. Daftari la kijana, jaji alisema, lilikuwa na mistari iliyofutwa na tarehe zilizorudiwa, na mtu anayepeleka hati anapaswa kuwa makini zaidi na kazi inayogusa makazi ya watu. Kwa upande mwingine, mbele ya mahakama alisimama mzee wa dini, amejibu alichoulizwa bila kuyumba, na hakuna sababu ya kumshuku. Rufaa ingesikizwa.

Nje kwenye ngazi Boru alimkumbatia mkewe mbele za watu. Kubai alipita kando yao akiwa na daftari lake kwapani, akimfuata Mbaabu nyuma kwa hatua nyingi, kwa namna inayoonyesha kwamba hana hakika kama bado ana kazi. Mbaabu alisimama kumpa Tiya mkono.

"Nimeshindwa vizuri," alisema. Hapakuwa na kejeli, alikuwa mtu muungwana. "Hiyo karatasi yako ya kijani inafanya kazi, dada. Sisi tunategemea hawa vijana na madaftari. Ukija Meru nitakaa mstari wa mbele."

Tiya alimshukuru.

Mchana huo majirani walijaa kwa mzee kutoa pongezi. Mbuzi alichinjwa, sufuria zikakopwa nyumba ya tatu, na wanawake wakamweka Tiya katikati yao wakimtaka asimulie jinsi alivyowapiga watu wa Meru. Alisema ni Mungu tu. Kutoka mlango wa jiko alimwona mzee akiketi mbali na wageni, upande wa makaburi, akijibu kila pongezi kwa neno moja. Boru alikwenda akamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana.

Wakati wa swala ya alasiri mikeka ilitandikwa mbele ya zizi. Pale nyumbani, kwa miaka yote, anayeswalisha alikuwa ni mzee. Hata masheikh wenye vyeti vya kutoka nje wakifika hapo humsogeza yeye mbele, kwa umri wake na kwa kuwa hawajawahi kusikia amesema uongo. Alitia udhu kwa birika, taratibu, akaosha mkono wa kulia mara tatu, kisha akauosha tena. Wanaume walijipanga wakamwachia nafasi yake, na Abdisalan, jirani yao, akakimu kutangaza kwamba swala inaanza.

Mzee alipita nyuma ya mistari yote, akasimama mwisho kabisa, karibu na viatu.

"Boru, swalisha," alisema.

"Baba, wewe upo."

"Nimesema swalisha."

Watu waligeuka, kisha kwa adabu wakatazama tena mbele. Wengine walidhani ni uchovu, siku ilikuwa ndefu kwa mtu wa umri wake. Boru alipiga hatua moja, na ya pili, akaufikia mkeka wa mbele. Tiya alimwona akiutazama. Alimwona mabega yakimshuka. Mumewe alikuwa amekaa pale Jumamosi, alisikia kila neno, akatazama mbuzi.

Boru alirudi nyuma akasimama kando ya baba yake, akakunja mikono.

Abdisalan alitazama kulia na kushoto, hakuelewa. Alikuwa amekwisha kukimu na swala ilikuwa inangoja. Mistari mitatu ya wanaume ilisimama imeelekea kibla, mkeka wa mbele ukiwa hauna mtu, na Tiya aliyeshika birika mlangoni akaanza kuomba moyoni kwamba mmoja wao, yeyote yule, asogee.